Bosi Mwenye Shingo Legelege

Saa moja kasoro asubuhi, Ijumaa. Mwalimu wa malezi anaingia langoni na Bosi begani, kafunikwa kanga hadi kisogoni.

"Shikamoo, Mama Mchanga," mlinzi anamtania. "Kalala?"

"Marahaba. Fungua lango, utamwamsha."

Bosi ni mtoto wa kitambaa. Mwalimu alimshona mwenyewe kwa foronya kuukuu, akamjaza mchanga hadi akafika kilo tatu na nusu. Shingo kaiacha legelege kwa makusudi. Ukimnyanyua bila kukinga kichwa, kinadondoka nyuma, na darasa zima linapiga yowe.

Mwalimu ana miaka kumi na tisa kazini akifundisha malezi na stadi za maisha. Sabuni ya somo ananunua mwenyewe, beseni katoa nyumbani. Hayo hayamsumbui. Kinachomsumbua leo ni karatasi iliyobandikwa ubaoni, nje ya ofisi ya mkuu wa shule, yenye majina kumi na manne tu ya wanafunzi waliojiandikisha kwa somo lake.

Wasipofika ishirini kabla ya kengele ya saa sita, somo linafutwa naye anapelekwa maktaba.

"Niliumia, nisikudanganye," anamwambia Bosi huku akimbadilisha nepi, mikono ikienda yenyewe. "Watu wanadhani kulea mtu anazaliwa anajua. Thubutu!"

Wavulana ndio waliogoma. Wiki mbili zilizopita alimpitisha Bosi kidato cha pili, darasa kwa darasa. Golikipa wa shule, kijana asiyepitwa na mpira, alimdaka kwa mikono miwili kifuani, safi kabisa. Kichwa kikaanguka nyuma. Walimcheka hadi machozi.

"Wenzake walipotoka, yeye alibaki," Mwalimu anakumbuka. "Akarudia mara saba mpaka akapata. Lakini jina hakuandika."

Saa nne na nusu, mlango unagongwa kwa kishindo. Mama mmoja mnene anaingia akihema.

"Wewe ndiye unayefundisha wavulana kulea?"

Mwalimu anamweka Bosi mezani taratibu. "Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Mimi ni mama yake golikipa. Binti yangu karudi na kichanga Jumanne, na tangu siku hiyo hatupumui! Ukimgusa mtoto tu, kaka mtu anafoka: 'Shingo! Shingo!' Mimi niliyezaa sita! Jana kaninyang'anya mjukuu mkononi."

"Pole, mama, nitazungumza naye."

"Uzungumze naye nini? Nilimtazama alivyomshika, nikafunga mdomo. Anajua, mwalimu. Anajua kunishinda." Mama anacheka hadi mabega yanatikisika. "Yumo kwenye orodha yako?"

Mwalimu anatikisa kichwa.

Mama hangoji zaidi. Anamkwapua Bosi, lakini shingo kaikinga barabara, kisha anakata moja kwa moja hadi uwanjani, ambako timu inafanya mazoezi.

"Kipa! Nyumbani unatufokea, huku umejificha?"

Golikipa anatazama chini. Kisha anavua glavu kwa meno na kumpokea Bosi. Kichwa hakitikisiki.

"Kipa, unaenda kunyonyesha?" nahodha anadakia.

"Mshike kwanza, ndipo uongee."

Nahodha anamshika. Kichwa kinadondoka, pwa! Timu inaangua kicheko, na hapo hapo kila mmoja anataka zamu yake, maana hakuna anayekubali kushindwa na kipa. Wanaoshindwa wanaapa kwamba watajifunza, na golikipa anawaongoza hadi kwenye karatasi, akianza kuandika jina lake.

Kengele inapolia, kuna majina ishirini na matatu. Mwalimu anayahesabu mara mbili, kisha analia waziwazi, wala hajifichi.

"Nitamshonea Bosi pacha," anasema akipenga kamasi. "Mtoto mmoja kwa mikono yote hii atapasuka. Na Jumamosi nataka darasa la wazazi. Mama wa kipa kasema atakuwa wa kwanza."

Mkuu wa shule anachungulia mlangoni, karatasi mkononi. Anakohoa. Anaingia, anaurudisha mlango.

"Mwalimu, hili libaki kati yetu. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Wa kwanza." Ananyoosha mikono. "Hebu nimjaribu."

Kichwa cha Bosi kinadondoka nyuma.

"Rudia, Mkuu," anasema Mwalimu.