Siku Tuliyomchapa Mwalimu

Huko Kasongo wanasimulia kwamba mwalimu wetu alipigwa na watu wa bunduki. Si kweli. Watu wa bunduki walikaa wakatazama. Tuliompiga ni sisi wazazi, kwa fimbo, mbele ya watoto aliowafundisha. Mimi nilikuwepo na nilipiga, basi acheni niseme.

Kijiji chetu kiko upande wa Wamaza, ndani kabisa. Pikipiki inafika kiangazi tu. Shule ya serikali iko ng'ambo ya mto, na mto ule wakati wa mvua umeshatubebea watoto. Tukasema inatosha. Wanaume wakakata miti, sisi wanawake tukakanyaga udongo na kusiliba kuta, mabenchi tukayafunga kwa mianzi. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili, baba akanitoa nikalee wadogo zangu. Kwenye komite ya wazazi waliniweka kwa sababu nina mdomo.

Mwalimu tulimpata mtoto wa Kasongo mjini, Mwislamu, mpole, shingo nyembamba kama ya kuku. Serikali haikumjua, kwa hiyo mshahara hakuna, na sisi pesa hatuna. Tulichomwahidi ni kazi: kila Jumamosi kila nyumba itoke salongo, kazi ya pamoja, tumlimie mpunga wake, tumpalilie, tumvunie. Na kweli tulitoka. Ila salongo ya watu wetu ni makelele. Huyu anachelewa, yule anapalilia kwenye kivuli tu, mwingine anasema jirani yake amekuja kupiga hadithi. Mwalimu akachoka na magomvi, akatuletea akili ya darasani. Akatupanga mistari. Filimbi ikilia tunasimama, mkono kwenye bega la mtu wa mbele, kama watoto asubuhi. Ikilia tena tunaingia shambani mstari kwa mstari, na mapanga na majembe yetu.

"Mwalimu, hata mimi bibi mzima nisimame mstari?"

"Hasa wewe, mama. Ukinyooka wewe, hawa wote watanyooka."

Tulicheka sana. Na kazi ilikwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba shamba lile liko kwenye mteremko, na kwamba kule juu kunapita njia ya Salamabila, ambako vijana wa msituni wanawavizia wachimba dhahabu. Wao walichoona kutoka juu ni wanaume wenye mapanga, wamejipanga, na mtu mmoja mbele yao anapuliza filimbi na kuamrisha.

Jumamosi moja walitukuta tumekaa pembeni ya shamba tunakula mihogo ya kuchemsha. Wakapiga risasi hewani. Baba mmoja akasimama kuuliza kuna nini, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno yakaanguka kwenye sahani ya mihogo. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Wakatusukuma mpaka uwanja wa shule, sisi na watoto wetu waliokuwa wanatuletea maji.

Mkubwa wao alikuwa kijana tu, umri wa mjukuu wangu mkubwa, hirizi shingoni, viatu vya plastiki.

"Komanda wenu ni nani?"

Mwenyekiti wa komite akasema, "Mukubwa, sisi hatuna komanda. Tuko wakulima."

"Na hii filimbi ni ya nani?"

"Ni yangu," mwalimu akajibu. "Mimi ni mwalimu."

Wakacheka. "Mwalimu wa nini? Wa wazee wenye mapanga? Unawafundisha kusoma na panga mukononi?"

Wakamfunga kamba kwenye viwiko kwa nyuma mpaka kifua kikatokeza, wakamlaza kifudifudi. Wakasema tumeanzisha kikundi cha kupigana nao, na kiongozi wa kikundi hakiachi kijiji akiwa hai. Mwenyekiti akapiga magoti, akaomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kibangubangu chetu. Yule kijana alimsikiliza kwanza, kisha akasema:

"Askari hapigi mukubwa wake. Kama huyu si komanda wenu, mumupige. Kila nyumba. Na nikiona mutu anapiga kama anafukuza nzi, nitajua."

Akakata fimbo ya mpera, akampa baba wa kwanza. Yule baba alimpenda mwalimu, kwa sababu mtoto wake alishaanza kumsomea barua. Akapiga pole pole, huku analia. Kijana akainuka, akamtandika kitako cha bunduki sikioni, akaanguka. Kisha akaweka mtutu kwenye kisogo cha mwalimu.

"Mumeona? Wanamuogopa. Huyu ndiye."

Nikasikia bunduki inakokiwa. Hapo nikaelewa kwamba huruma yetu ndiyo itakayomuua. Nikaenda, nikaichukua fimbo chini.

"Toka hapo," nikamwambia yule kijana. "Hujui kazi hii. Niachie."

Nikapiga. Nilipiga kama ninavyotwanga mpunga, kwa mwili wote. Shati likapasuka, kisha ngozi. Nikatukana pia, kwa sauti: mvivu wewe, umekuja kula mchele wetu, umetusimamisha juani kama watoto, wajukuu zangu hata hesabu hawajui! Mwalimu alikuwa analia, "Mama, mama, basi." Sikuacha. Nilikuwa nawasikiliza wale nyuma yangu, na nikasikia nilichokitaka: wanacheka.

"Huyu mama atatumalizia mutu!" mmoja akasema.

Nikamtupia fimbo baba aliyefuata. "Piga, usinicheleweshe." Akapiga kweli. Wote wakapiga, nyumba kwa nyumba. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Mmoja alitapika miguuni pake. Mwisho yule kijana akatundika bunduki yake begani, akasema, "Komanda hachukiwi namna hii. Huyu kweli ni mwalimu." Wakabeba mbuzi, wakabeba mbegu za mpunga, wakatia moto paa la shule, wakaenda zao.

Mwalimu alilala nyumbani kwangu, kifudifudi kwenye mkeka. Nilimwosha mgongo kwa maji ya chumvi. Kula alikula. Mtoni, mama mmoja akaniambia mbele ya wengine kwamba nina moyo wa jiwe, nilipiga kama anayeua nyoka.

"Mume wako alipiga taratibu," nikamjibu, "na bunduki ikaenda kichwani kwa mwalimu. Sasa niambie nani alimpenda."

Akabeba ndoo yake akaondoka.

Mwalimu alipoanza kukaa, aliniuliza bila kunitazama.

"Wenzako walipiga kwa woga. Wewe je?"

"Mimi nilipiga upone."

"Na zile hesabu? Kweli wajukuu zako hawajui?"

"Wanajua. Wananishinda mimi."

Akageukia ukutani. Kama alinisamehe, hakuniambia, na mimi sikuuliza. Njia ilipokauka akapanda pikipiki akarudi kwao. Nasikia anauza sabuni na chumvi sokoni Kasongo, ameoa, ana mtoto wa kike.

Paa la shule tumeliezeka upya. Mwalimu hatujapata. Wanakuja, wanatazama mabenchi, wanatazama shamba, wanauliza wa kwanza aliondokea nini. Mwenyekiti huwa anasema aliugua. Mimi nasema tulimpiga, na ninawaeleza kwa nini, tangu mwanzo hadi mwisho. Wawili wameshapanda pikipiki ile ile iliyowaleta.

Juzi mwenyekiti alinifuata jikoni.

"Mama, akija mwingine, unyamaze kidogo. Watoto wanakaa bure."

"Atalala katika kijiji hiki bila kujua kilichompata mwenzake?"

"Akijua hatabaki."

"Basi asibaki," nikamwambia, nikaendelea kupepeta mchele.