Aliyetakiwa kuilinda meli yangu ya madini

Leo nimechukia kupita kiasi.

Mnalijua lile gemu la anga za juu tunalocheza mtandaoni. Leo hatimaye nimepata meli mpya ya kuchimba madini, niliyoihangaikia tangu mfungo.

Nikakaa kwenye intaneti kafe yetu ya mtaa wa Gerezani, nikaipeleka kwenye miamba ya angani. Mzigo ukaanza kujaa.

Rafiki yangu Jignesh alikaa kompyuta ya nyuma yangu. Kazi yake ilikuwa kunilinda.

Ghafla haramia akanivamia.

"Jignesh, njoo, naisha!"

"Nakuja kaka, tulia!"

Sauti imejaa huruma, mngemsikia!

Nikageuka nimwonyeshe nilipo.

Jamani.

Kwenye skrini yake niliiona meli yangu inawaka moto, na mizinga inayoipiga ni ya kwake. Haramia ni yeye, kaingia kwa jina lingine!

"Si gemu tu, bwana," akasema huku anacheka, sambusa imejaa mdomoni.

Nilishindwa hata kumtazama. Nikachukua begi langu, nikatoka. Akanifuata mpaka mlangoni, anajifutia mafuta kwenye suruali.

"Sasa kesho tunachimba wapi?"

Tunachimba! Yeye na nani?

Nyie mngemjibu nini? Mimi nilitema mate chini, nikaondoka.