Simama Nione Tairi

Ukipita Mkunya kwa baiskeli asubuhi, Hamida binti Nasibu atakusimamisha. Ataitikia salamu yako, kisha atainama kwenye gurudumu kabla hujauliza kuna nini. Ataliminya tairi kwa vidole gumba, atalizungusha taratibu huku kitambaa kikavu kikipita juu yake, na kitambaa kikinasa, naye atasimama. Hapo pana kitu: mwiba, kipande cha chupa, ncha ya waya. Atakichomoa kwa koleo ndogo, ndipo akuruhusu uende.

Wageni humdhani ana kichaa. Wenyeji walishaacha kucheka.

Mambo hayo alifundishwa na mwanawe Yunusi, aliyekuwa fundi simu sokoni Newala. Yunusi alinunua baiskeli ya mbio ya mtumba, ile ya usukani uliojikunja na tairi nyembamba, na kila Jumapili akawa anashindana na wenzake kuelekea Masasi. Hamida akichekecha unga wa muhogo uani, kijana naye hupindua baiskeli yake pembeni na kumweleza kila anachokifanya, kana kwamba ameulizwa.

"Upepo ukipungua, mama, ukigonga jiwe mpira wa ndani unabanwa na rimu, unatoboka. Ndiyo maana najaza kila siku."

"Kila siku? Tairi lenyewe limekonda hivi, huo upepo linaupeleka wapi?"

"Unatoka wenyewe, hata kama halijatoboka."

Hamida alikuwa akicheka. Alipenda kusikiliza kuliko alivyoonyesha.

Jumapili moja ya msimu wa korosho, Yunusi alijaza upepo, akapangusa tairi zote mbili, akaaga. Pamoja na uangalifu wote huo, njiani tairi la mbele liliisha upepo. Akakaa ukingoni mwa barabara kubadilisha mpira, akiipa lami mgongo. Lori lililosheheni magunia likakwepa shimo, likamfuata pale ukingoni.

Godwin, mwenzake wa mbio, ndiye aliyeirudisha baiskeli nyumbani akiikokota. Haikuwa na hata mchubuko.

Watu wa matanga walipotawanyika, Hamida alilivua lile tairi, akalipapasa kwa ndani. Kitu kikamchoma kidole. Kilikuwa kiwaya, vile vinavyosambaa barabarani tairi za malori zikipasuka, chembamba kuliko sindano ya kushonea. Alikaa nacho kiganjani mpaka chai aliyoletewa na bintiye Faidha ikapoa.

"Kidude hiki?" alisema. "Faidha, ni kidude hiki?"

Faidha alisogeza kikombe pembeni. Akakaa karibu naye.

Majirani, kwa huruma, wakaanza kumwita Mama Faidha. Hamida alivumilia kidogo, kisha akamgeukia Mwanakombo, jirani wa mlango wa pili: "Jina langu unalijua. Niite."

"Nachelea kukutonesha, dada."

"Nitoneshe. Mkiacha kulitaja ninyi, nani atalitaja?"

Basi akabaki Mama Yunusi. Akawa anatoka na ufagio kuondoa nyaya na vigae barabarani, na baadaye akaanza kusimamisha waendesha baiskeli. Wa kwanza alikuwa Godwin, aliyeshuka na kugeuza uso pembeni wakati mama akipapasa tairi zake.

Kisha Faidha akapata kazi ya ualimu Makote, akaiomba baiskeli.

"Utanunua nyingine," Hamida alisema.

"Mama, hii ipo. Inaozea ndani."

"Ioze!"

Hawakusemeshana siku kadhaa. Hatimaye, alasiri moja, Hamida aliitoa mwenyewe uani. Alikwishatafuta tairi mpya, nene kidogo. Alichana mpira mkuukuu, akautandika kama utepe ndani ya tairi ili mwiba ukipenya ukutane nao kwanza. Alimwonyesha Faidha namna ya kuminya na kupangusa. Mwishowe akaongeza jambo ambalo Yunusi hakumfundisha.

"Ukipata pancha, usitengenezee barabarani. Isukume mpaka katikati ya mikorosho. Ukichelewa, chelewa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Miezi ikapita salama. Halafu ikaja siku ambayo wanafunzi wote wa njia ya Makote walikwisharejea, na Faidha hajaonekana. Hamida alisimama kando ya barabara, kitambaa mkononi, akiwaacha waendesha baiskeli wapite bila kuwasimamisha. Jua lilikuwa limeinama aliposikia mlio wa gurudumu lililolala, kisha akamwona bintiye, vumbi tupu, akisukuma.

"Imetoboka, mama. Solusheni ya kuzibia ilikuwa imekauka, nikaamua kutembea."

Hamida hakulitazama tairi. Alimkamata binti kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ambayo hata siku ya mazishi haikumtoka. Mwanakombo akatoka mbio, na majirani wengine nyuma yake, wakidhani ni msiba.

"Nani tena?" Mwanakombo aliuliza.

"Hakuna, mama mdogo," Faidha alijibu, naye machozi yakimtoka. "Ni pancha tu."

Hakuna aliyerudi kwake. Walikaa chini pale pale ukingoni, wakamwacha Mama Yunusi alie mpaka anyamaze mwenyewe.