Kutoka kwa Adamu Hadi Kwetu Maneromango

Enzi zetu kule Maneromango, mtoto alijua kuwataja wazee wa kabla ya gharika hata kabla hajajua kuhesabu vizuri. Adamu, Sethi, Enoshi, Kenani, Mahalaleli, Yaredi, Henoko, Methusela, Lameki, Nuhu. Tuliwataja tukitwanga, tukichota maji, na zaidi ya yote tukiruka kamba, kila jina mruko mmoja. Wengi tulinaswa miguu kwa Mahalaleli. Aliyefika kwa Methusela aliruhusiwa kupumzika, kwa kuwa tuliona mzee aliyeishi miaka mingi vile hawezi kuwa na haraka. Zuhura, jirani yetu aliyesoma madrasa, aliruka nasi, na akifika mwisho alisema "Nabii Nuhu" huku akitutazama kama watu wasio na adabu.

Mvua ikinyesha, tulifinyanga watu wa udongo nyuma ya kanisa na kuwapulizia puani. Hapo ugomvi ulianza. Wengine walisema mwanamume na mwanamke waliumbwa pamoja, kama inavyosema sura ya kwanza ya Mwanzo; wengine walishikilia ubavu wa sura ya pili. Mwalimu Elisha, aliyetufundisha Jumapili, hakutukaripia.

"Ukiwa mlimani unaona mapaa yote ya kijiji kwa mara moja," alituambia. "Ukiteremka unaingia nyumba moja, unamkuta mama anapepeta mchele. Kijiji ni kilekile."

Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo, nami nimeyarudia mara nyingi.

Yale majina nayo alitueleza. Wana wa Israeli waliwahi kuchukuliwa mateka mbali na kwao, na mtu aliye ugenini, asiye na shamba wala kaburi la babu yake, alibaki na majina hayo yakimwambia kwamba ana alikotoka. Kwa hiyo kila mtoto ajue anavyoungana nayo. Basi kila sikukuu ya mavuno tulipanga mstari mbele kanisani na sadaka zetu, mihogo, korosho, mayai, na kila mmoja alisema: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, wa fulani, mpaka Nuhu, mpaka Adamu.

Hapo ndipo aibu yangu ilipokuwa inanisubiri. Nililelewa kwa babu, mzaa mama. Baba nilikuwa naye, maana hakuna asiye naye, ila jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Mama alirudi kutoka mjini akiwa na mimba yangu, akaanza kushona nguo za watu, basi. Mwaka nilipofikia umri wa kupanga mstari, nilimwuliza bibi nitasema nini.

"Taja babu yako," alinijibu bila kuacha kukuna nazi. "Anayetaka zaidi aje aniulize mimi."

Nikamtaja. "Mimi ni Neema, mtoto wa Zakaria..." Kabla sijaendelea, mzee mmoja wa benchi la mbele akadakia, "Ehee! Kwa hiyo mama yako ni dada yako!"

Kanisa likaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya, nadhani, ni cha watu wanaojuana mno. Lakini masikio yaliniwaka moto, nikamsahau hata Nuhu, nikabaki kutazama vidole vyangu vya miguu.

Mama akasimama kutoka benchi la wanawake, kuku wa sadaka kwapani, macho chini.

"Mwalimu, baba yake Adamu ni nani?"

"Ni Mungu, mama Neema."

"Basi anzia huko uje chini. Mwanangu utamkuta."

Hakusubiri jibu. Alitoka, nikamfuata. Tulipofika nyumbani ndipo tulipogundua kuku bado yuko kwapani. Yule kuku aliishi kwetu mpaka akafa kwa uzee; mama hakumchinja wala hakula yai lake hata moja, eti ni wa Mungu. Kijiji kizima kilimsifu mama kwa ujasiri wake. Mimi niliona kwamba tangu siku ile alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango.

Sasa naishi Kibaha, nafundisha watoto wa Jumapili. Watoto wa siku hizi, Mungu awabariki, ukiwauliza Mahalaleli ni nani watakuambia labda ni mshambuliaji mpya. Udongo unachafua nguo, kamba inachosha, na babu mzaa babu wanamtafuta kwenye simu. Nikiwafundisha ukoo huwa naanza kwa Adamu, nashuka nao taratibu.

Juzi tulipofika chini kabisa, kwao wenyewe, Glory akasema, "Mimi baba yangu simjui, mwalimu. Nipo na mama."

"Nimegee basi na mimi," mwenzake akamwambia, maana Glory alikuwa na chungwa.

Hakuna aliyecheka. Mwenye kuinamisha kichwa darasani nilikuwa mimi, na mvi zangu. Enzi zetu zilikuwa tamu, na kamba ile naitamani mpaka leo. Lakini siku hiyo nilitamani zaidi mama angekuwepo, kwenye benchi lake la mwisho karibu na mlango, amsikie mtoto akilisema jambo lile bila kuacha kumenya chungwa.