Ujumbe Ambao Haukufika Kisondela

Wiki moja baada ya mama yake kufariki, Tulinagwe alirudi kazini mzima wa afya, ila ndani hamna kitu. Alikunywa chai asijue kama ina sukari. Wenzake wakimpa pole alijibu "nimeshapoa," na ilikuwa kweli, alikuwa amepoa kabisa. Kule kijijini Kisondela shangazi zake walikuwa wameshaanza kunong'ona: mtoto gani huyu, mama kazikwa na chozi halijamtoka? Jamani! Kama machozi yangekuwa yanaagizwa dukani, si angetuma mtu?

Alikuwa mtu wa kompyuta katika chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi, kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu. Seva ya chama ilikaa chumba cha nyuma, karibu na kreti tupu. Ndani yake kulikuwa na programu iliyofanya kazi chinichini, bila mtu kuiona: kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, iliwaandikia wakulima kwenye simu zao, "Kesho gari linapita. Chumeni asubuhi." Asiyepata ujumbe hachumi, maana parachichi likishakatwa halimsubiri mtu.

Jumanne hiyo asubuhi meneja, Erasto, alimsubiri mlangoni.

"Tuli, pole tena. Lakini kuna moto hapa. Ujumbe haujatoka wiki nzima. Vijiji vingine vilipiga simu kuuliza, tukawaambia kwa mdomo. Kisondela kimya. Dereva kaenda Jumatano, kaenda Jumamosi, hakukuta hata kreti moja. Mnunuzi mwenye gari anasema wamewauzia madalali. Nisipompa sababu leo, Kisondela anaiondoa kwenye njia ya gari."

Kisondela ni kwao. Nusu ya kaya za kule zinasomesha watoto kwa parachichi hizo. Tulinagwe alilijua hilo, na alilisikia kama habari za mkoa mwingine.

"Sawa, bosi," akasema, akakaa.

Alianza na yale ya kawaida. Mtandao upo. Salio la ujumbe lipo. Umeme haukukatika. Akaita orodha ya programu zote zinazoendeshwa na seva, akashuka nayo mstari kwa mstari: ya kumbukumbu za wanachama ipo, ya kunakili mafaili ipo. Ya kutuma ujumbe haipo. Si kwamba ilikwama, haipo kabisa. Akaiwasha upya, ikawaka bila shida yoyote, ndipo akajua kwamba ugonjwa hauko ndani ya programu. Kuna kitu kilikuwa kimeizima.

Akafungua faili ambalo seva huandika kila linalotokea. Mstari wa mwisho wa programu ile ulikuwa wa Jumanne iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi: mtumiaji ametoka, kazi zake zimesimamishwa. Jina la mtumiaji lilikuwa lake.

Ndiyo, ni yeye. Mwezi uliotangulia seva ilizimika, na programu ile ikagoma kujiwasha yenyewe. Badala ya kuitengeneza, akawa anaiwasha kwa mkono kutoka kwenye laptopu yake na kuliacha dirisha lake wazi kwenye skrini, akijisemea nitaitengeneza kesho. Kesho, kesho! Programu iliyowashwa hivyo huishi na dirisha lake, na dirisha likifungwa nayo inakufa. Saa nne na dakika kumi na mbili kaka yake alipiga simu, akasema, "Mama ametutoka." Tulinagwe alifunga laptopu, akachukua mkoba na kuondoka.

Alisoma mstari ule mara tatu na hakuhisi kitu.

Akaikabidhi programu kwa seva yenyewe, ili iiwashe kila inapoamka na iiinue ikianguka, iwe Tulinagwe yupo au hayupo. Akafunga dirisha lake makusudi na kuangalia orodha. Ipo. Kisha akamwandikia mnunuzi barua: kosa ni langu, wakulima wa Kisondela hawakuuza popote, hawakupata ujumbe. Erasto aliisoma, akaguna.

"Nakala itabandikwa kwenye vituo vyote vya kukusanyia parachichi. Uko tayari?"

"Tuma tu."

Saa tisa mnunuzi akajibu kwamba Kisondela inabaki. Saa kumi kamili ujumbe ukatoka, na haikupita dakika tano simu yake ikaita. Alikuwa Asajile, katibu wa kikundi cha Kisondela, mzee aliyemjua tangu akiwa mgongoni.

"Mwanangu, tumeuona ujumbe. Ndaga fijo. Waambie wakubwa zako tunawashukuru sana."

"Mnashukuru nini, baba?"

"Si mlisimamisha gari kwa ajili ya mama yako? Kwetu kwenye msiba hakuna anayekwenda shamba, unajua. Tulipoona simu ziko kimya tukasema, ona, na ushirika umekaa matanga. Ndiyo maana hatukuuliza. Mtu anauliza heshima?"

Angeweza kunyamaza. Lakini barua ingebandikwa kesho kwenye kituo chao, na mzee angeisoma mbele za watu.

"Baba, hakuna aliyesimamisha. Nilifunga kompyuta nikaondoka, ujumbe ukakatika. Ni kosa langu."

"Kwa hiyo gari lilikuja?"

"Lilikuja. Mara mbili."

"Na Jumamosi, wakati tunamzika?"

"Na Jumamosi."

Asajile alivuta pumzi. "Mwanangu, mimi nilisimama kaburini, mbele ya umati wote, nikausifu ushirika kwa kusimamisha gari kwa ajili ya mama yako. Wanawake wakapiga vigelegele. Hukunisikia?"

Tulinagwe alikuwa pale siku ile, mbele kabisa, na hakusikia neno hata moja. Alifungua mdomo amwambie hivyo, chozi likamtoka. Akalia, akalia kwa sauti mpaka Erasto akaja kusimama mlangoni, na upande wa pili Asajile hakukata simu.