Pole Katika Nyumba ya Kiingereza

Mwaka wangu wa mwisho katika chuo cha ualimu cha wasichana, karibu na mji wa Shinyanga, nilitolewa bwenini nikapelekwa kuishi katika nyumba ya Kiingereza. Ilikuwa nyumba ya matofali yenye bati, nasi tulikuwa wasichana sita pamoja na mwalimu wa Kizungu tuliyemwita Misi. Sheria ilikuwa moja. Ukivuka kizingiti unasema Kiingereza, uwe unapika, unafua au unagombana. Aliyeteleza alisugua masufuria jioni ile.

Mimi nilisugua sana. Kwetu, upande wa Geita, ambako baba alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu, tulisema Kisukuma. Kiswahili chenyewe nilikipata shuleni. Majuma ya mwanzo katika nyumba ile nilinyamaza tu, Misi akadhani mimi ni mpole. Bwenini wangemwambia vingine. Mwenzangu wa chumbani, Mhaya kutoka Bukoba, alikuwa akinionyesha vitu kwa kidole na kunitajia majina ya kila kimoja kwa Kiingereza, taratibu, mpaka nikaweza kuomba chumvi bila kusita.

Jumamosi moja asubuhi niliitwa getini. Nilimkuta baba mdogo, amekuja juu ya lori la pamba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukaamkiana "mwangaluka". Akauliza habari za masomo, akauliza kama tunakula vizuri, kisha akaniambia kwa Kisukuma kwamba bibi, mama yake na baba, amefariki na wamekwisha kumzika. Bibi ndiye aliyenilea.

"Omba ruhusa, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu. "Kesho lori linarudi."

Niliingia ndani nikawakuta wote mezani wakinywa chai. Nikasimama mlangoni nikitafuta maneno, halafu nikasema kwa Kiingereza kwamba bibi yangu amekufa. Nilisema kama mtu anayesoma sentensi ubaoni, na kitenzi nikakikosea. Misi, bila kuinua macho, akanisahihisha. Nikairudia sentensi sawasawa. Hapo akaelewa, akaweka kikombe chini.

Wenzangu walitaka kunipa pole, lakini katika Kiingereza chetu hakukuwa na pole. Walichokuwa nacho ni lile neno la kumwambia mtu uliyemkanyaga mguu. Wakaniambia hilo, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wao ndio walionikosea. Nami nikawajibu kama tulivyofundishwa, kwamba si kitu. Sikulia. Nilijiona niko darasani.

Yule Mhaya akainuka.

"Pole dada," akasema kwa Kiswahili, mbele ya Misi. "Pole sana. Masufuria nitasugua mimi."

Ndipo nikalia. Wengine wakaja kunishika, kila mmoja na lugha yake. Misi alibaki amesimama kando, uso umemwiva, kisha akasema kwa Kiswahili cha kukwama, "Leo semeni tu. Na baba yako mdogo aje anywe chai."

Baba mdogo akaja, akakaa kwenye ncha ya kiti na kofia mapajani. Misi alipompa pole, alijibu, "Ahsante mama, tumeshapoa." Wakakaa hivyo, Misi akimwongezea chai, mpaka birika likaisha.

Niliporudi kutoka matangani, sheria ilikuwa imerudi pia. Jioni moja wakati wa chakula, Misi aliniomba nimweleze pole ni nini. Nilihangaika kwa Kiingereza changu: anaambiwa mfiwa, anaambiwa mgonjwa, anaambiwa aliyejikwaa, na hata anayetoka shambani amechoka.

"Lakini kosa ni la nani?" akauliza.

"Hakuna mwenye kosa," nikamwambia.

Kisha akasema neno hilo tuwe tunalitumia ndani ya nyumba, hakuna atakayesugua kwa ajili yake.

Mwisho wa mwaka nilifaulu, nikapangiwa shule moja upande wa Geita, nikafundisha Kiingereza. Yule Mhaya alirudi kwao Bukoba. Tuliandikiana kwa miaka mingi, kwa Kiswahili.