Springi Laini za Wangu

Kangemi nzima iliijua mikono ya Zachariah Muigai, Mungu amlaze pema, kabla ya kumjua mwenyewe. Mkono wa kulia ulimvunja taya mchuuzi wa viazi aliyeweka gunia pasipo pake. Wa kushoto ulimtoa konda meno mbele ya watoto wa shule. Na mikono hiyohiyo ndiyo iliyoshika usukani wa Korola yake kuukuu, iliyoinuliwa kwa springi nene za kubebea kabichi, siku alipomfukuza dereva aliyemkatizia njia kule Muthangari. Aliliparamia tuta bila kupunguza mwendo. Gari likaruka, likatua kama jiwe. Mkewe Wangu, aliyekuwa akimsihi apoe, alirushwa hadi juu, akaanguka, na pingili ya mgongo wake ikavunjika kwa mlio ambao Zachariah aliutambua mara moja. Alishausikia kwenye miili ya watu wengine.

Hospitalini Upper Hill, alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu amfunge mikono. Tangu hapo hakumpiga mtu. Sokoni walicheka, wakasema simba hali nyasi, tungojee tu njaa imshike. Daktari aliposema mgonjwa anaweza kurudi nyumbani mradi asitikiswe, Wangu alimgeukia mumewe.

"Baba Becky, gari lile sipandi tena."

"Nitalibadilisha."

"Libadilishe basi, nione."

Athman, mtu wa Lamu mwenye duka la vipuri barabara ya Kirinyaga, alimpangia springi kaunta nzima. Kwa mazoea, mkono wa Zachariah ulikwenda kwenye zile nene. Athman akauzuia, akamuuliza gari litabeba nini.

"Mgongo wa mke wangu."

Athman alirudisha zile nene rafuni, akaleta nyembamba. Kisha akaleta shokomzoba, vile vibomba vinavyozuia gari lisirukeruke, akavikandamiza kimoja kimoja juu ya kaunta. Kilichochoka kilizama bila ubishi. Kizima kilishuka kwa shingo upande, kikapanda polepole.

"Springi hurusha, hiki hutuliza," alisema. "Ukivichanganya ovyo, bwana, umemwoza mgomvi kwa mlevi. Nyumba haitalala."

Zachariah alicheka, mara ya kwanza tangu ajali. Athman alimuuliza kama gereji yao ina kibanio cha springi, kile cha kuizuia isifyatuke inapotolewa, akajitolea kumwazima chake. Zachariah alikikataa. Kangemi kibanio ni waya, alisema, na waya haujamwangusha mtu.

Huko gerejini, fundi Muindi alifanya kama walivyofanya siku zote. Aliuacha uzito wa gari uibane ile springi kuukuu, akafunga mapindi yake kwa waya wa nondo, kisha wakainua gari na kuitoa. Zachariah alikuwa ameipakata, nene, imejaa nguvu, Oyoo alipoingia. Walikuwa wamebeba kabichi pamoja miaka mingi kwa gari hilo, na Oyoo hakuwa na riziki nyingine.

"Niaje, pastor. Kumbe gari imekuwa kitanda ya bibi? Kabichi sasa tubebe na kichwa?"

Zachariah alimwomba angoje aiweke chini. Oyoo hakungoja. Aliokota mkono wa jeki akampiga begani, kisha sikioni, damu ikatiririka shingoni.

"Nipige basi. Hizo mikono zilienda wapi?"

Waya mmoja ukakatika. Muindi alimpigia Oyoo kelele aondoke, lakini Oyoo alishapandwa, akapiga tena. Mdomo wa springi ulikuwa umeelekea kifua cha Oyoo. Zachariah aliona, na waliokuwapo waliona kwamba ameona. Angelegeza vidole tu imfyatukie Oyoo, wala hakuna ambaye angemlaumu.

Aliizungusha, akaielekeza kifuani pake mwenyewe, akaikumbatia. Waya wa pili ukakatika. Springi ilimvunja mbavu, ikampasua kidevu, ikambwaga ukutani. Oyoo alidondosha mkono wa jeki, akapiga magoti kwenye ile damu, akijaribu kuizuia kwa viganja. Wakatafuta gari la kumkimbiza hospitalini. La kwake mwenyewe lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Roho ilitoka mikononi mwa Oyoo.

Muindi alizifunga zile springi laini kwa kibanio cha Athman, alichokwenda kukiazima mwenyewe. Siku ya mazishi alikwenda Upper Hill kumchukua Wangu, akamlaza kiti cha nyuma cha Korola. Walipokaribia lile tuta la Muthangari, Wangu alishika mpini wa mlango, akafumba macho, akauma meno.

Gari liliinama, likainuka taratibu, likatulia.

Alingoja maumivu. Hayakuja. Akafungua macho, akamwomba Muindi asimame, akapangusa machozi kwa ncha ya leso.

"Rudi nyuma," alisema. "Tulipite tena."